Maswali ya Wasomaji: Jin yin hua na lian qiao, dawa mbili za kupoza joto

Barua nyingi za mwezi huu zimeuliza kuhusu dawa mbili za Kichina ambazo maduka ya mitishamba huziweka rafu moja: jin yin hua na lian qiao. Tumezijibu kwa pamoja, na pale barua zilipofanana tumechapa moja tu. Majina tumeyaacha kwa Kichina kwa sababu ndivyo yalivyoandikwa kwenye pakiti mtakazokutana nazo.

SWALI: Wahariri, salaam. Nimeuziwa pakiti mbili, moja jin yin hua na nyingine lian qiao. Muuzaji kaniambia ni kitu kimoja, nikikosa hii nitumie ile. Ni kweli?
Msomaji, Kariakoo, Dar es Salaam

JIBU: Muuzaji kasema nusu ya ukweli. Zote mbili huondoa joto pamoja na kile ambacho tiba ya Kichina hukiita sumu ya joto: koo jekundu linalouma, jipu linalochomachoma, homa inayopanda haraka. Kipimo cha kawaida cha mtu mzima pia ni kimoja, gramu 6 hadi 15 kwa siku. Kufanana kwao kunaishia hapo.

Jin yin hua ni tumba la ua, yaani ua lililochumwa kabla halijafunguka, la mmea utambaao uitwao Lonicera japonica. Lian qiao ni tunda kavu la kichaka, Forsythia suspensa, kilicho katika ukoo mmoja na mzeituni na asumini. Zionje. Tumba la jin yin hua lina utamu hafifu na uchungu wa mbali. Ganda la lian qiao ni chungu tangu linapogusa ulimi. Katika tiba hii ladha huonyesha kazi ya dawa. Jin yin hua ni tamu na ya baridi, na hufanya kazi kwenye mapafu, moyo na tumbo. Hupoza bila kukausha maji ya mwili sana, husambaza joto kuelekea nje kwenye ngozi, na hufika hadi matumboni, ndiyo maana ikikaangwa hadi kuwa nyeusi hutumika kwa mtu anayeharisha damu kwa sababu ya joto. Lian qiao ni chungu na baridi yake ni ndogo kidogo, na hufanya kazi kwenye mapafu, moyo na utumbo mwembamba. Uchungu huo huteremsha joto na, jambo ambalo jin yin hua hailiwezi vizuri, huvunja vitu vilivyoganda: vinundu, tezi za shingoni zilizovimba, mafindofindo magumu, majipu yenye kiini kigumu.

Kwa hiyo ukikosa moja, jiulize kwanza unatibu nini. Kwa koo linalouma na homa ya siku ya kwanza, moja inaweza kushika nafasi ya nyingine bila hasara kubwa. Kwa tezi ngumu za shingoni, ukiweka jin yin hua badala ya lian qiao umeondoa dawa yenyewe. Kwa mtu anayeharisha, ukiweka lian qiao badala ya jin yin hua kwa kuharisha damu kwa joto umekosea kabisa.

Neno moja kwa wasomaji wa Pwani waliokulia kwenye tiba ya Kiarabu yenye vyakula vya moto na vya baridi: msidhani hesabu ni ileile. Mfumo ule hupima pia ukavu na unyevu wa kila kitu. Huu wa Kichina huuliza zaidi joto limeingilia wapi na limefika kina gani.

SWALI: Kama kazi zinatofautiana, mbona karibu kila mchanganyiko wa mafua ninaouona una zote mbili, tena kwa uzito sawa? Huku si kurudia kitu?
Mwanafunzi wa tiba asili, Mombasa

JIBU: Uzito huo sawa una mwenyewe. Ni Wu Jutong, tabibu wa Huaiyin katika jimbo la Jiangsu (jimbo hilohilo ambalo madaktari wake wamekuwa wakifanya kazi Zanzibar tangu 1964). Kitabu chake juu ya magonjwa ya joto, Wenbing Tiaobian, alikimaliza 1798, na humo ndimo ulimo mchanganyiko uitwao yin qiao san. Vipimo vyake kwa uzito wa kale ni hivi: jin yin hua na lian qiao liang 1 kila moja, yaani qian 10, jie geng, bo he (nanaa ya Kichina) na niu bang zi qian 6 kila moja, gan cao (mzizi wa urukususu) na dan dou chi qian 5 kila moja, zhu ye na jing jie sui qian 4 kila moja. Vyote husagwa pamoja, na dozi moja ni qian 6 za unga, zinazochemshwa katika maji ya mizizi mibichi ya matete.

Fanya hesabu, maana wengi huiruka. Jumla ni qian 56. Katika dozi ya qian 6, ambazo leo huhesabiwa kuwa gramu 18, kila moja ya dawa hizi mbili inapata gramu 3 na kidogo. Wu aliagiza mgonjwa aliyezidiwa anywe mara tatu mchana na mara moja usiku. Hizo ni gramu 13 hivi za kila dawa kwa siku nzima, ndani kabisa ya kipimo cha leo. Anayetupa gramu 30 za kila moja kwenye sufuria moja na kunywa kwa mkupuo hafuati mchanganyiko huu, hata kama majina ya dawa ni yaleyale.

Sasa sababu ya kuzioanisha. Joto la mafua huanza juu, kwenye ngozi, koo na mapafu, lakini halikai hapo. Jin yin hua hulisukuma nje lilikoingilia. Lian qiao husafisha lile lililokwisha kusonga ndani kuelekea moyoni, ambalo dalili zake ni kukosa utulivu, usingizi wa kushtuka na ncha ya ulimi kuwa nyekundu, na papo hapo huzuia koo lisifanye uvimbe mgumu. Ukitumia jin yin hua pekee koo hutulia lakini findo hubaki limevimba. Ukitumia lian qiao pekee uchungu unateremsha joto wakati ulitaka litoke nje. Zikiwa pamoja, kila moja huziba pengo la mwenziwe.

Ila usichukue kuoanisha kuwa ni sheria. Wu huyohuyo ana mchanganyiko mwepesi zaidi, sang ju yin, kwa mtu ambaye joto lake ni dogo na tatizo kubwa ni kikohozi. Humo ameweka majani ya mforosadi, maua ya ju hua (krisanthemum) na lian qiao qian 1 na nusu, na jin yin hua hakuiweka kabisa. Homa haikuwa kubwa kiasi cha kuihitaji. Na katika bao he wan, vidonge vya mtu aliyevimbiwa chakula, lian qiao imo peke yake bila mafua yoyote, kwa sababu chakula kikilala tumboni huzaa joto na kufanya donge, na kazi ya lian qiao ni hiyo hasa.

SWALI: Shikamoo daktari. Nachemsha jin yin hua na lian qiao saa nzima kama ninavyochemsha mizizi na magome. Maji yanatoka meusi, machungu kupita kiasi, na nikinywa naharisha. Nakosea wapi?
Msomaji, Moshi

JIBU: Marahaba. Unakosea muda, na pengine sufuria pia.

Wu aliandika kwamba harufu ikishatoka kwa wingi, dawa iepuliwe na kunywewa. Ikichemshwa kupita hapo ladha inakuwa nzito na dawa inashuka tumboni badala ya kubaki juu kwenye mapafu. Kwa lugha ya jikoni: mafuta ya harufu yanapotea na mvuke, uchungu unabaki. Huko kuharisha kwako ndiko huko kushuka tumboni.

Kwa mtu mzima mwenye koo linalouma na homa, kipimo cha siku moja ni jin yin hua gramu 12, lian qiao gramu 12, bo he (nanaa ya Kichina) gramu 5 na gan cao gramu 5. Tumia mizani, kwa sababu jin yin hua ni nyepesi na gramu 12 hujaza bakuli kuliko unavyotazamia, wakati lian qiao ya uzito huohuo inaonekana kidogo. Anza kwa kuponda lian qiao kwenye kinu mpaka maganda yapasuke. Usiisage iwe unga, utashindwa kuchuja. Ganda zima huelea na maji hayaingii ndani, na huo ni uharibifu wa dawa unaotokea kila siku kwenye nyumba za watu. Loweka vyote isipokuwa bo he katika maji baridi mililita 600 kwa dakika 20 hadi 30. Matumba yataelea, yabonyeze kwa mwiko wa mti mpaka yalowe.

Washa moto mkali mpaka maji yachemke, kisha punguza, funika, uhesabu dakika 10. Tia bo he, funika tena, dakika 3 hadi 5, epua, chuja papo hapo. Makapi yaongezee maji mililita 400, yachemke dakika 10 nyingine, chuja, changanya na ya kwanza. Gawa mara tatu au nne, unywe yakiwa vuguvugu baada ya kula kidogo. Maji mazuri yana rangi ya chai hafifu na harufu ya maua yenye nanaa. Yakiwa meusi na hayanuki, yamwage.

Kuhusu chombo: tumia chungu, sufuria ya enameli isiyobanduka au ya chuma cha pua. Usitumie chuma cha kawaida, kwa kuwa tanini na asidi za jin yin hua hushikana na chuma na kugeuza maji kuwa meusi. Sufuria nyepesi za alumini ambazo karibu kila nyumba inazo nazo hazifai.

Ikiwa umerekebisha yote hayo na bado unaharisha, basi tumbo lako ni la baridi na dawa hizi hazikufai kwa kipimo hicho. Rudi gramu 6 kwa 6, au uache.

SWALI: Mwanangu ana miaka minne, ana homa tangu jana usiku. Mama mkwe anayo jin yin hua aliyoletewa. Nimpe?
Mama Baraka, Kisumu

JIBU: Mama Baraka, usimpe kabla hajapimwa malaria. Kwenu Nyanza mtoto wa miaka minne mwenye homa huchomwa kidole kwanza. Kipimo cha haraka hutoa jibu kwa dakika 15 hadi 20. Jin yin hua haitibu malaria, na siku mbili za kunywesha majani ndizo ambazo vimelea wanazihitaji. Akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, shingo ikikakamaa, au akipumua kwa haraka na mbavu zikibonyea, mpeleke hospitali sasa hivi hata kama kipimo kimesema hana.

Malaria ikishaondolewa na mhudumu wa afya akasema ni mafua ya kawaida, bado tazama ni mafua ya aina gani. Yanayopozwa na dawa hizi ni yale ya upepo wa joto: homa kubwa kuliko kusikia baridi, koo jekundu linalouma, kiu, kamasi za njano au nzito, ncha ya ulimi nyekundu. Mtoto anayejikunyata na kutetemeka, kamasi zake ni maji matupu, koo haliumi na hataki kunywa, huyo ana upepo wa baridi. Ukimpa jin yin hua unaongeza baridi juu ya baridi, na mafua yanakaa wiki nzima.

Kwa umri wake tungeanzia robo ya kipimo cha mtu mzima, gramu 3 za jin yin hua na 3 za lian qiao, kwa siku moja au mbili na si zaidi, kwa vijiko vidogovidogo. Chini ya miaka miwili tusiulizwe kabisa, ni kazi ya daktari anayemwona mtoto.

Wasomaji wawili wameuliza hapohapo kama pakanga (Artemisia annua, kwa Kichina qing hao) si dawa ya kupoza joto pia, na kama si hiyo inayotibu malaria. Ni kweli imo kwenye orodha ya dawa za kupoza joto, na kweli dawa mseto mnayopewa kliniki ilitokana nayo. Mwanasayansi wa China, Tu Youyou, alipata Tuzo ya Nobel 2015 kwa kazi hiyo. Kinachofaa kukumbukwa ni kwamba maandishi ya tabibu wa kale Ge Hong yaliyomwongoza hayakusema majani yachemshwe: yalisema yalowekwe na kukamuliwa, naye akaitoa dawa hiyo kwa itha, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo. Chai ya pakanga haina kipimo kinachojulikana, na Shirika la Afya Duniani haliipendekezi kwa kutibu wala kuzuia malaria. Kunyweni dozi kamili ya dawa mseto.

SWALI: Nitajuaje kama nilichouziwa ni kizuri?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Mwaga kiganja kimoja kwenye karatasi nyeupe. Jin yin hua nzuri ina matumba yaliyofungwa, urefu wa sentimita 2 hadi 3, membamba chini na manene juu, rangi nyeupe yenye umanjano au ukijani kidogo, na vinyweleo vifupi vinavyoonekana ukiinua kwenye mwanga. Ukikuta maua mengi yaliyofunguka, majani na vijiti, ni mavuno ya kuchelewa. Dawa imo lakini kidogo. Ikiwa nyeupe kupita kawaida na inawasha pua kwa harufu kali ya uchachu, imefukizwa kwa kiberiti (salfa) ili isioze. Hiyo irudishe.

Jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi: tangu toleo la 2005, Farmakopia ya China, kitabu rasmi cha viwango vya dawa, imetenganisha jin yin hua na shan yin hua. Shan yin hua hutoka kwa jamaa wengine wa Lonicera wa kusini, ina bei ya chini, na matumba yake mara nyingi hukaa kwa vishada. Si sumu, lakini ukilipia jin yin hua upewe jin yin hua.

Lian qiao ina aina mbili na zote ni halali. Ya kijani, qing qiao, huvunwa tunda likianza kukomaa, hupikwa kwa mvuke au maji kisha hukaushwa. Ganda limefunga na mbegu zimo ndani. Ya njano, lao qiao, huachwa mpaka iive na kupasuka yenyewe, na mbegu zake zimemwagika. Kwa homa na koo sisi tunachukua ya kijani. Mbegu zilizotengwa huitwa lian qiao xin, nazo hutumika pale ambapo joto limemfikia mgonjwa moyoni na anaweweseka, hali ambayo si ya kutibiwa nyumbani.

SWALI: Kwenye uzio wangu kuna mmea utambaao wenye maua yanayofanana na ya pakiti. Nichume?
Msomaji, Limuru

JIBU: Hapana. Kusini mwa China watu wamekufa kwa kuchuma maua ya Gelsemium elegans wakidhani ni jin yin hua. Nao ni mmea utambaao wenye maua ya manjano, na sumu yake husimamisha upumuaji. Mmoja wa jamaa zake hupandwa kama pambo katika bustani za nchi nyingi. Wajuzi huzitenganisha kwa ua lenyewe: la jin yin hua ni mrija mwembamba unaogawanyika midomo miwili isiyolingana, na la Gelsemium ni faneli yenye ncha tano zinazolingana. Lakini wewe unataka kuchuma tumba, ambalo halijafunguka, na hapo alama hiyo haikusaidii. Nunua.

SWALI: Nina vidonge vya yin qiao kutoka kwa rafiki aliyetoka Guangzhou. Naweza kuvinywa pamoja na parasetamo?
Dereva wa bodaboda, Arusha

JIBU: Soma lebo kwanza. Kuna vidonge vya yin qiao vyenye mimea tu. Kuna vingine ambavyo jina lake la Kichina huanza na "Wei C", ambavyo pamoja na mimea na vitamini C vina parasetamo na klofenamini (dawa ya mzio). Ukivinywa pamoja na parasetamo ya dukani unajiongezea dozi bila kujua, na ini ndilo linaloumia. Mamlaka ya dawa ya China ilitoa tahadhari juu ya vidonge hivyo mwaka 2010. Klofenamini nayo huleta usingizi, na wewe, kaka, kazi yako ni barabarani. Lebo ikiwa ya Kichina tupu na hakuna wa kukusomea, usivinywe.

Swali linalofanana limekuja kuhusu lianhua qingwen, vidonge vilivyovuma wakati wa korona. Jin yin hua na lian qiao zimo, lakini zimo pia ma huang na da huang, kati ya dawa kumi na tatu. Ma huang hupandisha shinikizo la damu na mapigo ya moyo. Da huang huendesha tumbo. Mwenye presha asiviguse bila daktari.

SWALI: Napata majipu mara kwa mara, mgongoni na mapajani. Nitumie ipi kati ya hizo mbili?
Msomaji, Tanga

JIBU: Tazama jipu lenyewe. Likiwa jekundu, la moto, linauma na limetambaa juu juu ya ngozi, jin yin hua ndiyo kiongozi. Mchanganyiko maarufu wa hali hiyo, wu wei xiao du yin, kutoka kitabu cha kifalme cha 1742, una jin yin hua qian 3 na mimea mingine minne qian 1.2 kila mmoja, na lian qiao haimo. Jipu likiwa na kiini kigumu kisichoiva, au tezi za jirani zimevimba, ongeza lian qiao na uipe uzito zaidi, kwa mfano gramu 15 kwa 10 za jin yin hua.

Jipu lililopauka, bapa, lisilo moto, au lililopasuka likatoa usaha mwepesi kama maji na halifungi, halitaki dawa yoyote ya baridi. Mwili umechoka, na kuupoza ni kuuzuia usipone. Hapa ndipo watu wengi huharibu, kwa kuwa wamesikia jin yin hua ni dawa ya majipu, basi.

Na kwa kuwa unasema mara kwa mara, pima sukari kabla ya kununua chochote. Majipu yanayorudi ni mojawapo ya dalili za kisukari.

SWALI: Ni kweli kwamba dawa hizi huchanganywa na pembe ya kifaru?
Msomaji, Maskati

JIBU: Zamani, ndiyo. Mchanganyiko uitwao qing ying tang, wa joto lililokwisha kuzama ndani kuelekea kwenye damu, uliongozwa na pembe ya kifaru, na jin yin hua na lian qiao ziliwekwa kwa kazi ya kuvutia: si kupoza tu, bali kulifungulia joto mlango lirudi nje lilikotoka. China ilipiga marufuku biashara na matumizi ya pembe hiyo mwaka 1993, miaka mingi baada ya vifaru weusi wa Kenya na Tanzania kuchinjwa karibu waishe. Leo huwekwa pembe ya nyati wa majini, gramu 15 hadi 30, iliyochongwa vipande vyembamba na kuchemshwa peke yake zaidi ya saa tatu kabla ya mimea kuingia. Anayekwambia dawa haikamiliki bila kifaru anakuuzia uhalifu.

SWALI: Harara za mtoto, jin yin hua inasaidia?
Msomaji, Lamu

JIBU: Kwa kuoga, ndiyo. Gramu 30 katika lita moja ya maji, dakika 15 kwa moto mdogo, chuja vizuri, iache ipoe kabisa, umpanguse kwa kitambaa safi asubuhi na jioni. Lian qiao haina kazi hapo. Ngozi ikiwa imepasuka au ina usaha, mpeleke kliniki.

SWALI: Natia jin yin hua kwenye chupa ya chai asubuhi na kunywa kutwa, kila siku, kwa sababu ya joto la huku. Kuna ubaya?
Msomaji, Doha

JIBU: Kwa siku tatu nne za joto kali, gramu 5 na ju hua gramu 3 kwa nusu lita ya maji yaliyochemka, hakuna ubaya kwa mtu mwenye tumbo zuri. Kila siku, miezi na miezi, uko: utaanza kuona choo kimelainika, hamu ya kula imepungua, mikono ya baridi na utando mweupe mnene kwenye ulimi. Ukiona viwili kati ya hivyo acha, unywe uji na tangawizi wiki moja. Mjamzito, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, aulize daktari kabla ya kuanza. Na lian qiao usiitie kwenye chupa hiyo kabisa. Maji ya moto peke yake hayalitoboi lile ganda, linataka kuchemshwa.